EGAS MONIZ: MRENO ALIYEIFUNUA MISHIPA YA UBONGO

Tuseme, msomaji mpenzi, ni asubuhi huko Tseikuru, kaskazini ya Kitui, katika nchi ile kavu ya Wakamba inayoelekea mto Tana. Mzee mmoja ameketi na wenzake kibandani wanakunywa chai. Ghafla kikombe kinamponyoka mkononi. Mdomo unakwenda upande, na neno analotaka kulisema halitoki. Wenzake wanamshika. Huyu anasema ni jua, yule anasema ni upepo mbaya. Baada ya robo saa mzee amerudia hali yake, anacheka, anaagiza chai nyingine, na jambo lile linasahauliwa.

Kumbe haikufaa lisahauliwe. Mara nyingi tukio kama hilo ni onyo la kiharusi, yale maradhi ya kupooza ambayo humwangusha mtu mzima akiwa amesimama. Na wakati mwingine asili ya onyo hilo haiko kichwani bali shingoni, katika mshipa uliozibika nusu au zaidi, ambao daktari mpasuaji anaweza kuufungua, akausafisha na kuushona tena kabla balaa lenyewe halijafika.

Leo habari hii haishangazi sana. Lakini katika siku za babu zetu hapakuwa na daktari duniani aliyeweza kuiona mishipa inayolisha ubongo wa mtu aliye hai. Aliweza kuitazama katika maiti tu, wakati ambapo kuiona hakumsaidii tena mwenyewe. Mtu aliyeufungua mlango huo alikuwa Mreno, jina lake Egas Moniz, na maisha yake yana mafunzo mawili, moja la kuigwa na moja la kuogopwa.

JINA LA VITA

Kwa sisi watu wa pwani jina la Mreno halina utamu. Wazee wetu waliwajua Wareno kwa mizinga na kwa kuchomewa miji. Ngome ya Yesu hapo Mombasa, waliyoanza kuijenga mwaka 1593, ingali imesimama ikitukumbusha zama hizo, mpaka Waomani walipowatoa humo mwaka 1698.

Hata jina la huyu tunayemsimulia lina harufu ya vita vya namna hiyo. Alizaliwa tarehe 29 Novemba 1874 katika kijiji cha Avanca, kaskazini ya Ureno, akaitwa António Caetano de Abreu Freire. Ami yake, ambaye alikuwa padri, alimwongezea jina la Egas Moniz kwa kumkumbuka shujaa wa kale. Egas Moniz wa kale alikuwa mlezi wa Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, yule aliyeuteka mji wa Lisbon kutoka mikononi mwa Waislamu mwaka 1147. Basi mtoto akakua na jina la mpiganaji, lakini vita vyake vikawa vya namna nyingine kabisa.

Ami huyo ndiye aliyemfundisha herufi za kwanza na kusimamia masomo yake. Kijana alipenda sana hesabu, akafikiri atakuwa mhandisi, kisha akageukia udaktari katika Chuo Kikuu cha Coimbra, akahitimu mwaka 1899. Kutoka huko alikwenda Ufaransa, katika miji ya Bordeaux na Paris, kujifunza maradhi ya ubongo na neva kwa mabingwa wa siku zile. Mwaka 1911 alipewa kiti cha ualimu wa maradhi hayo katika Chuo Kikuu cha Lisbon, akakikalia kwa zaidi ya miaka thelathini.

Lakini mtu huyu hakuwa wa darasani peke yake. Siasa ilimwita mapema. Alikuwa mbunge kwa miaka mingi, akatiwa kizuizini kwa ajili ya siasa, akawa balozi wa nchi yake huko Hispania, na mwaka 1918 akawa waziri wa mambo ya nje. Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, ndiye aliyeongoza ujumbe wa Ureno uliokwenda Paris mwanzoni mwa mkutano wa amani. Baada ya hapo mambo ya serikali yakabadilika, naye akaaga siasa. Wengi wangesema maisha yake makubwa yamekwisha. Kumbe yalikuwa hayajaanza.

MSHIPA WA USINGIZI

Kabla hatujaendelea yafaa tueleze kidogo habari ya mishipa yenyewe. Weka vidole viwili kando ya koo, chini ya taya, utahisi kitu kinadunda. Huo ni mshipa mkubwa upelekao damu ubongoni, mmoja kuliani na mmoja kushotoni. Nyuma, ndani ya mifupa ya shingo, iko mingine miwili. Kwa hiyo ubongo wote unategemea mishipa minne, na damu ikikatika dakika chache tu, sehemu iliyokosa damu hufa wala haifufuki.

Waarabu wanauita mshipa huo wa mbele shiryani ya subati. Aliyesoma Juzuu Amma chuoni atalikumbuka neno subati katika Sura ya An-Naba, linapotajwa jambo la usingizi. Wayunani nao waliupa jina lenye maana karibu na hiyo, kwa kuwa waliona kwamba mishipa hiyo ikibanwa, mtu hupotewa na fahamu kama aliyelala usingizi mzito. Basi watu walijua tangu kale kwamba uhai wa akili unapita hapo. Walichokosa ni njia ya kutazama ndani.

Na kuna haja ya kutazama, kwa maana mshipa huzeeka. Tazama birika lililochemshiwa maji ya kisima cha chumvi miaka mingi: ndani hujenga gamba gumu, na mdomo wake hupungua upana. Mshipa nao hujenga gamba la mafuta na chokaa, hasa pale unapogawanyika kuwa matawi mawili. Tumbaku, shinikizo la damu, kisukari na mafuta mengi katika damu huliongeza. Gamba likikatika kipande, au damu ikiganda juu yake, kile kipande huchukuliwa na damu hadi ubongoni na kuziba vijishipa vidogo. Kikiyeyuka upesi, ndiyo ile robo saa ya mzee wetu wa Tseikuru. Kisipoyeyuka, ni kiharusi.

TAREHE 28 JUNI 1927

Mionzi ya eksirei ilikuwa imegunduliwa mwaka 1895, na kila hospitali kubwa ilikuwa na mashine yake. Lakini eksirei huonyesha mifupa. Ubongo na mishipa yake hupita kama maji ndani ya bilauri. Egas Moniz alifikiri hivi: kama kitu kisichopenyeka na mionzi kikitiwa ndani ya damu inayoelekea kichwani, na picha ikapigwa wakati huo huo, mishipa itajichora yenyewe.

Wazo ni rahisi kulisema, lakini kazi yake ilikuwa ngumu na ya hatari. Ilibidi dawa hiyo izuie mionzi lakini isimdhuru mgonjwa, na picha ipigwe katika muda mfupi sana, kabla damu haijaichukua dawa ikatoweka. Zaidi ya hayo, Moniz mwenyewe hakuwa na mikono ya kazi hiyo. Tangu ujana wake alikuwa na jongo lililomkunja vidole hata asiweze kushika kisu. Basi yeye alifikiri, na mikono ikawa ya wasaidizi wake, hasa daktari kijana aliyeitwa Pedro Almeida Lima.

Walianza na maiti, wakaendelea na mbwa, kisha wakafika kwa wagonjwa katika hospitali ya Santa Marta hapo Lisbon. Dawa ya kwanza ilikuwa bromaidi ya strontiamu. Picha hazikutoka vizuri, na mgonjwa mmoja damu yake ikaganda mshipani, akafa. Moniz alihuzunika na kusimamisha kazi. Hakuificha habari hiyo, wala hakuiacha njia. Alirudi nyuma, akatafuta dawa nyingine, iodaidi ya sodiamu, akaipima upya kabla ya kumgusa mtu mwingine.

Tarehe 28 Juni 1927, Moniz akiwa na umri wa miaka 52, kijana mmoja wa miaka 20 mwenye uvimbe kichwani alilazwa mezani. Mshipa wake wa shingo ulifunuliwa kwa kisu, dawa ikatiwa, mashine ikapigwa. Picha iliposafishwa, mishipa ya ubongo wa mtu aliye hai ilionekana kwa mara ya kwanza, imetawanyika kama matawi ya mti, na pale penye uvimbe matawi yalikuwa yamesukumwa kando. Mwezi uliofuata Moniz aliipeleka habari hiyo Paris, mbele ya madaktari wakubwa wa ubongo, nao wakakiri kwamba jambo jipya limeingia duniani.

Kwanza kazi hiyo ilitumika kutafuta uvimbe. Baadaye jambo la pili likajitokeza. Mwaka 1937 Moniz na wenzake walieleza habari za wagonjwa waliopooza upande mmoja, ambao picha zao zilionyesha mshipa wa shingo umezibika. Mpaka hapo madaktari wengi walidhani kiharusi ni jambo la ndani ya kichwa tu. Sasa picha ilikuwa ikiwanyoshea kidole shingoni.

KISU KIKAFUATA

Mahali panapoonekana hufikika. Katika mji ule ule wa Lisbon, Reynaldo dos Santos alifuata mfano wa Moniz, akapiga picha ya mshipa mkuu wa tumboni mwaka 1929. Mwanawe, João Cid dos Santos, mwaka 1946 aliufungua mshipa wa mguu uliozibika, akalitoa gamba la ndani na kuuacha ukipitisha damu. Hapo kazi ya kusafisha mishipa ikazaliwa.

Mwaka 1951 daktari Miller Fisher wa Kanada aliandika wazi kwamba viharusi vingi hutoka katika mshipa wa shingo, na kwamba huenda siku moja wapasuaji wataweza kuuzuia ugonjwa huo. Haikuchukua muda. Mwaka ule ule madaktari wa Buenos Aires walimpasua mgonjwa na kuiunganisha upya mishipa ya shingo. Tarehe 7 Agosti 1953, mjini Houston, Marekani, Michael DeBakey, mtoto wa wahamiaji kutoka Lebanon, aliusafisha mshipa wa shingo wa dereva mmoja wa basi la shule. Na tarehe 19 Mei 1954, katika hospitali ya St Mary's mjini London, Felix Eastcott alimtibu mwanamke aliyekuwa amepatwa na yale maonyo ya ghafla mara nyingi. Akapona, na habari yake ilipochapishwa dunia nzima ikajua.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Shingo hupasuliwa kando, mshipa ukafunuliwa na kubanwa juu na chini. Hufunguliwa kwa urefu, gamba likabanduliwa kama ganda la ndani ya mua, ndani pakaoshwa pasibaki hata chembe, kisha ukashonwa, pengine kwa kuongezewa kiraka ili usibane. Hatari ipo, maana chembe moja ikiponyoka huleta kiharusi kile kile kinachokimbiwa. Kwa hiyo hapasuliwi kila mtu. Mwaka 1991 utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada ulipima faida yake kwa wagonjwa waliokwisha kupata dalili na ambao mshipa umezibika kwa asilimia 70 au zaidi. Katika muda wa miaka miwili, waliotibiwa kwa dawa tu walipata kiharusi cha upande ule 26 katika kila 100. Waliopasuliwa walikuwa 9.

Katika yote haya, daktari wa kwanza kukata hakukata mpaka aliye mbele yake alipomwonyesha pa kukata.

ALIPOKATA BILA KUONA

Lau hadithi ya Egas Moniz ingeishia hapo, tungemsifu na kunyamaza. Lakini haki ya msimulizi ni kusema yote.

Mwezi wa Agosti 1935 Moniz alihudhuria mkutano wa madaktari wa ubongo mjini London. Humo alisikia habari za sokwe wawili waliokatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Miezi mitatu tu baadaye, tarehe 12 Novemba 1935, alimwagiza Almeida Lima atoboe fuvu la mgonjwa wa akili na kuua kwa spiriti nyuzi za sehemu ile ya mbele. Baadaye wakatumia chombo chenye waya wa kukatia. Katika miezi michache walikwisha kuwafanyia hivyo wagonjwa 20, na mwaka 1936 Moniz akatangaza kwamba 7 wamepona, 7 wamepata nafuu na 6 wamebaki vile vile.

Angalia tofauti, msomaji. Katika kazi ya picha alianza na maiti na mbwa, akasimama alipofiwa na mgonjwa, akapima upya. Katika kazi hii hakungoja. Wagonjwa wengine alikuwa amewatazama kwa siku au majuma tu kabla ya kusema wamepona. Na zile nyuzi alizozikata hakuziona, wala hakujua kwa hakika zinafanya kazi gani. Sobral Cid, mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Lisbon, aliwatazama waliorudi kutoka kwake, akaona wamepungukiwa na utu wao, akakataa kumpelekea wengine.

Tumpe udhuru wake: siku zile hospitali za wagonjwa wa akili zilijaa watu waliofungiwa maisha, na dawa ya kuwatuliza haikuwapo mpaka miaka ya 1950 ilipoanza. Lakini udhuru hauondoi dhara. Huko Marekani Walter Freeman aliichukua njia hiyo na kuieneza kama mtu auzaye bidhaa, na maelfu ya watu wakakatwa, wengi bila ya kuulizwa. Wako waliotulia, wako waliokufa, na wako waliobaki kama nyumba isiyokaliwa na mtu.

La ajabu ni hili. Moniz alikwisha kupendekezwa kwa Tuzo ya Nobel kwa ajili ya picha za mishipa, asiipate. Aliipata mwaka 1949, pamoja na Walter Hess wa Uswisi, lakini kwa ile kazi ya kukata ubongo wa wagonjwa wa akili. Dunia ilimvika taji kwa kosa lake na kuipita kando kazi yake njema. Baadaye jamaa za waliodhurika walitaka tuzo hiyo ifutwe, haikufutwa.

Wakati huo Moniz alikuwa mzee. Mwaka 1939 mgonjwa wake mmoja alikuwa amemwingilia ofisini na kumpiga risasi kadhaa, akanusurika. Alistaafu, akarudi mara kwa mara kijijini kwake Avanca, akaandika kumbukumbu zake, na tarehe 13 Desemba 1955 akafariki dunia mjini Lisbon, mwenye umri wa miaka 81. Hakuacha mtoto. Nyumba yake ya Avanca imefanywa makumbusho.

TURUDI TSEIKURU

Leo si lazima shingo ifunuliwe kwa kisu ili mshipa uonekane. Kuna mashine ya mawimbi ya sauti, ndugu wa ile inayowapima akina mama wajawazito, ambayo hupitishwa juu ya ngozi ya shingo na kuonyesha damu ikipita. Hakuna sindano wala maumivu.

Lakini kutoka Tseikuru hadi mahali penye mashine hiyo na mtaalamu wake ni safari. Mtu hupita Kyuso, akafika Mwingi, na mara nyingi aendelee mpaka Kitui au Nairobi, kama vile mtu wa visiwa vya Lamu anavyopaswa kupanda mashua kwanza. Wapasuaji wa mishipa ni wachache. Na siku nazo zina thamani: faida ya upasuaji huo ni kubwa zaidi ukifanywa katika majuma mawili tangu onyo la kwanza. Kila siku ya kungoja huila faida hiyo.

Tusidanganyane pia. Katika nchi zetu viharusi vingi huletwa na shinikizo la damu lililoachwa bila kutibiwa, na mshipa wa shingo uliozibika si mwingi kama Ulaya. Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni kile cha mkononi, kinachopatikana hata katika zahanati. Mwenye shinikizo ameze dawa kila siku, hata siku ambazo hajisikii vibaya. Mwenye kuvuta tumbaku aiache. Chumvi ipungue katika chakula.

Lakini kabla ya zahanati na kabla ya mashine kuna macho ya watu waliokaa naye. Mdomo ukienda upande, mkono ukikosa nguvu, ulimi ukiwa mzito, jicho moja likiingia giza ghafla, hata kama ni kwa dakika tano, hilo si la kucheka wala la kuombewa buriani kesho. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua, na katika maradhi haya mgonjwa mwenyewe ndiye wa kwanza kuficha, kwa kuwa amekwisha kujisikia mzima.

Egas Moniz alitenda wema pale alipoona kwanza, na alitenda dhara pale alipokuwa na haraka ya kukata. Sisi si madaktari, lakini sehemu ya kwanza inatuhusu. Basi mzee wa Tseikuru akiangusha kikombe, wenzake wasimwagizie chai nyingine. Wamtazame usoni, wamwambie walichokiona, wamtie garini siku hiyo hiyo.